Dini Inachangia Nini Hasa Katika Ugaidi?

Jioni ya tarehe 30 Januari 1948, mjini Delhi, Mahatma Gandhi alikuwa njiani kwenda kwenye sala alipopigwa risasi na Nathuram Godse. Muuaji na aliyeuawa walikuwa wa dini moja, Uhindu, na wote wawili walikienzi kitabu kimoja kitakatifu, Bhagavad Gita. Gandhi alikitafsiri kwa Kigujarati na akashikilia kwamba vita vinavyosimuliwa humo ni vita vya ndani ya moyo wa mtu. Godse, alipojitetea mahakamani, alimtaja Arjuna, shujaa ambaye katika masimulizi hayo anaambiwa asikwepe kupigana na jamaa zake. Aliponyongwa tarehe 15 Novemba 1949, alikwenda kitanzini ameshika nakala ya Gita.

Uliza dini ilichangia nini katika mauaji yale, utapata majibu mawili yaleyale yanayosikika kila bomu linapolipuka popote duniani. La kwanza: muuaji hana dini, ameitumia vibaya tu. La pili: dini ndiyo iliyoua, soma maandiko yao ujionee.

Majibu haya mawili yanapingana, lakini yana kasoro inayofanana: yote humwezesha msemaji kuacha kuchunguza. Jibu la kwanza naelewa linatoka wapi. Waumini wa kawaida wamechoka kuhukumiwa kwa dhambi za watu wasiowajua, na wana haki ya kuchoka. Ila likishikiliwa kwa ukali linakuwa hoja isiyoweza kushindwa, maana kila muumini anayeua anafutwa jina kwenye daftari la waumini, na daftari linabaki safi daima. Jibu la pili ni dhaifu zaidi kimantiki. Aya zinazotajwa zimesomwa na mamia ya mamilioni ya watu kwa karne nyingi, na karibu wote hawajawahi kumdhuru jirani. Kitu kilichopo kila mahali hakiwezi peke yake kueleza jambo linalotokea kwa nadra kiasi hicho.

Afadhali tuanze kwa kulivunja swali. Tunaposema "dini" tunafunga pamoja mambo yasiyolingana: yale mtu anayoyaamini kuhusu Mungu na akhera, sala anazosali akiwa peke yake, na jamii ya watu anaokutana nao, anaoimba nao, anaozika nao. Je, yote matatu yanavuta upande mmoja?

Mwanasaikolojia Jeremy Ginges na wenzake Ian Hansen na Ara Norenzayan walilipima jambo hili katika utafiti uliochapishwa mwaka 2009. Walianza na Wapalestina Waislamu, wakiwauliza mara ngapi wanasali, mara ngapi wanahudhuria msikitini, na kama wanaunga mkono mashambulizi ya kujitoa mhanga. Wingi wa sala haukutabiri lolote. Mahudhurio ya msikitini yaliambatana na kuunga mkono mashambulizi. Mtu angeweza kuishia hapo na kuulaumu msikiti, lakini wao walivuka upande wa pili wa mgogoro huohuo, kwa walowezi wa Kiyahudi. Swali la huku lilimhusu Baruch Goldstein, daktari aliyeingia Msikiti wa Ibrahimi mjini Hebron tarehe 25 Februari 1994 na kuwaua waumini 29 wakiwa katika swala. Baadhi ya walowezi waliulizwa kwanza wanakwenda sinagogi mara ngapi, wengine wakaulizwa wanamwomba Mungu mara ngapi, na wengine hawakuulizwa lolote kati ya hayo. Kisha wote wakaulizwa kama kitendo cha Goldstein kilikuwa cha kishujaa kabisa. Waliokumbushwa sinagogi, asilimia 23 walisema ndiyo. Waliokumbushwa sala, asilimia 6. Ambao hawakukumbushwa chochote, asilimia 15.

Hizi ni takwimu za maoni, na kati ya kusema "shujaa yule" na kushika bunduki kuna umbali mkubwa. Hata hivyo, kilichobadilika hapo hakikuwa imani. Walowezi wale waliamini Mungu mmoja, walisoma Torati moja, waliishi katika hali moja. Kilichobadilika ni upande wa dini waliokuwa wakiufikiria wakati wa kujibu. Alipokumbushwa kuwa yeye ni mmoja wa kundi, mtu alielekea zaidi kumsifu aliyeua kwa ajili ya kundi. Alipokumbushwa kuwa yuko peke yake mbele ya Mungu, alirudi nyuma. Watafiti hao waliona mwelekeo wa namna hiyo kwa waumini wa dini mbalimbali katika nchi kadhaa: ibada ya pamoja huwaunganisha watu, na kuunganishwa kunaweza kugeuka utayari wa kujitolea kwa ajili ya wenzako dhidi ya wengine. Ni nguvu ileile ambayo jeshi huitafuta kwa gwaride na chama cha siasa kwa nyimbo. Dini imeimudu kwa muda mrefu kuliko wote.

Sasa tuwatazame wanaojiunga hasa, si wanaojibu maswali kwa simu. Hapa kuna ushahidi ambao hushangaza watu. Mwaka 2013 vijana wawili wa Birmingham, Uingereza, waliosafiri kwenda kupigana Syria, waliagiza kabla ya safari vitabu vya kufundisha Uislamu kwa wanaoanza. Fomu za kujiunga na kundi la Dola la Kiislamu, zilizovuja mwaka 2016, zilikuwa na sehemu ya kujaza kiwango cha elimu ya sharia, na kiasi cha asilimia 70 ya waliojaza walijiweka kwenye daraja la chini. Mwaka 2017 Shirika la Maendeleo la Umoja wa Mataifa, UNDP, lilitoa matokeo ya mahojiano na watu waliojiunga kwa hiari na makundi kama Al-Shabaab na Boko Haram. Asilimia 51 walitaja dini kuwa sababu mojawapo ya kujiunga. Asilimia 57 walikiri kwamba wanaelewa maandiko ya dini kidogo tu au hawayaelewi kabisa. Utafiti huohuo ulionyesha kwamba kupata elimu ya dini kwa angalau miaka sita kulipunguza uwezekano wa kujiunga, tena kwa kiasi kikubwa.

Watetezi wa dini huzipokea takwimu hizi kwa furaha na kufunga mjadala: mnaona, hawajui hata dini yenyewe. Mimi sikubali haraka hivyo. Kutoelewa maandiko hakumaanishi kutokuwa na imani. Askari wengi waliokufa wakiitetea nchi yao hawakuwahi kuifungua katiba yake, na hakuna anayesema uzalendo haukuwa na sehemu katika vifo vyao. Kijana asiyejua kusoma tafsiri anaweza kuamini kwa moyo wote kwamba anayemwongoza anajua. Na mara nyingi kiongozi huyo anajua kweli. Abu Bakr al-Baghdadi, kiongozi wa Dola la Kiislamu aliyejitangaza khalifa mwaka 2014, alikuwa na shahada ya uzamivu katika masomo ya Qur'ani kutoka chuo kikuu kimoja cha mjini Baghdad. Wakati huohuo, mmoja wa watu waliolijenga kundi lake kimuundo, Haji Bakr, alikuwa kanali wa jeshi la Saddam Hussein, taaluma yake ujasusi. Kundi moja, kazi mbili: msomi anatoa uhalali, kanali anatoa mpangilio wa vituo vya upelelezi na orodha za watu wa kuondolewa. Wa chini hahitaji kuwa na ujuzi wa yeyote kati yao. Anahitaji kuwaamini tu.

Basi uhalali huo unafanyaje kazi? Sehemu hii naiona ndiyo yenye uzito kuliko zote, na ndiyo inayoelezwa vibaya mara nyingi.

Wengi hudhani mafundisho ya kigaidi yanasema: ueni wasio na hatia. Ni nadra sana kukuta mafundisho yanayosema hivyo. Karibu kila mara yanakubali kwamba kuua ni haramu, kisha yanatafuta dharura. Mwaka 1995 Yigal Amir, mwanafunzi wa sheria, alimuua Waziri Mkuu wa Israel, Yitzhak Rabin, baada ya mkutano wa amani mjini Tel Aviv. Hakudai kwamba amri ya "usiue" imefutwa. Alitegemea kanuni ya sheria ya Kiyahudi inayoitwa rodef, ambayo inaruhusu kumuua mtu anayemfukuza mwingine ili amuue, pale ambapo hakuna njia nyingine ya kumwokoa anayefukuzwa. Ni kanuni ya kuokoa maisha. Alichofanya Amir ni kumweka Rabin, aliyekuwa tayari kuachia ardhi kwa Wapalestina, kwenye nafasi ya mfukuzaji, na taifa zima kwenye nafasi ya mfukuzwa.

Mwaka mmoja kabla, huko Pensacola, Florida, Paul Hill, aliyewahi kuwa mchungaji wa Kipresbiteri, aliwaua kwa bunduki daktari wa kituo cha utoaji mimba na mtu aliyekuwa akimsindikiza. Hoja yake ilikuwa ileile kwa Kikristo: kumtetea asiyeweza kujitetea ni wajibu, na mimba ni mtu asiyeweza kujitetea. Alinyongwa? Hapana, alichomwa sindano ya sumu kwa hukumu ya mahakama mwaka 2003, bila kujuta. Upande wa makundi ya kijihadi, mlango wa dharura unaotumika zaidi ni kukufurisha, yaani kumtangaza Mwislamu mwenzako kuwa ametoka katika Uislamu, hivyo ile kinga ya damu yake imeondoka. Na katika kundi la Aum Shinrikyo la Japani, ambalo tarehe 20 Machi 1995 lilimwaga gesi ya sarini ndani ya treni za chini ya ardhi za Tokyo, likaua watu zaidi ya kumi na kuwadhuru maelfu, kiongozi wake, Shoko Asahara, alikuwa amelipindua fundisho la Kibuddha kuhusu kuisaidia roho ya anayekufa. Kwake, kumuua mtu mwenye karma mbaya kulikuwa kumtendea wema, kumpandisha daraja. Miongoni mwa waliotekeleza shambulio lile alikuwemo daktari bingwa wa moyo.

Dini nne, mwendo mmoja. Katazo halijaguswa. Aliyeguswa ni mlengwa, ambaye amehamishwa kutoka kundi la wasio na hatia na kuwekwa kundi jingine, na muuaji amehamishwa kutoka kundi la wauaji na kuwekwa kundi la waokoaji.

Hii ndiyo sababu ile kauli ya "dini yetu ni ya amani" haimpunguzii kitu mtu aliyekwisha kuingia humo. Anakubaliana nawe. Dini ni ya amani, na kuua ni dhambi, isipokuwa sasa, isipokuwa huyu. Mjadala wote uko kwenye hilo "isipokuwa". Nani ana mamlaka ya kutangaza dharura? Kwa ushahidi gani? Je, raia anayepita sokoni anaingiaje kwenye hukumu ya mpiganaji? Wanazuoni wa Kiislamu zaidi ya 120 waliomwandikia al-Baghdadi barua ya wazi Septemba 2014 walilielewa hili. Hawakumwambia tu kwamba Uislamu ni amani. Walizichukua hoja moja moja: nani anastahili kutoa fatwa, nani anaweza kumtangaza mtu kuwa kafiri, kwa nini waandishi wa habari hawauliwi. Walizungumza kwa lugha ya yule waliyempinga, na kwa vitabu vilevile.

Kwa hiyo imani si pambo la juu. Inaamua mambo, hasa nani auawe na vita viishie wapi. Lakini kabla hatujaipa kila kitu, kuna Tamil Tigers wa Sri Lanka. Hawa walikuwa wapigania taifa wasiodai dini yoyote katika itikadi yao. Ndio waliomuua Rajiv Gandhi, waziri mkuu wa zamani wa India, kwa mwanamke aliyejilipua tarehe 21 Mei 1991. Mtaalamu wa siasa Robert Pape wa Chuo Kikuu cha Chicago alikusanya mashambulizi 315 ya kujitoa mhanga yaliyotokea duniani kati ya 1980 na 2003, akakuta hakuna kundi lililofanya mengi kuwashinda Tigers: 76. Pape akahitimisha kwamba mzizi wa mashambulizi ya aina hii ni majeshi ya kigeni kukalia nchi ya watu, na dini huongeza nguvu pale mkaliaji na mkaliwa wanapokuwa wa dini tofauti.

Ni kazi muhimu, na mtu yeyote anayedhani kujilipua ni uvumbuzi wa dini fulani anapaswa kuisoma. Ina matundu mawili, hata hivyo. Kwanza, alitazama mashambulizi yaliyotokea tu, si sehemu zote zilizokaliwa bila kuzaa shambulio la kujitoa mhanga hata moja, na wakosoaji wake walimwambia hivyo. Pili, historia ilimwendea kombo mara tu baada ya hesabu yake kufungwa. Nchini Iraq, Abu Musab al-Zarqawi, kiongozi wa tawi la Al-Qaeda nchini humo, alielekeza mabomu yake kwa Washia waliokuwa sokoni na misikitini kama alivyoyaelekeza kwa Wamarekani. Askari wa Marekani walikuwa mkaliaji. Muuza mboga wa Kishia hakuwa mkaliaji wa nchi ya mtu. Aliingia kwenye orodha kwa sababu ya fundisho, na hata Ayman al-Zawahiri, namba mbili wa Al-Qaeda wakati huo, alimwandikia Zarqawi mwaka 2005 kumwonya kwamba mauaji hayo yanawapotezea umma. Uvamizi wa nchi ulileta vita. Mafundisho yaliamua kwamba vita hivyo viingie hadi sokoni.

Vivyo hivyo kuna migogoro ambayo dini ipo kwenye jina tu. Katika Ireland ya Kaskazini watu zaidi ya 3,500 waliuawa katika miaka kama thelathini, huku vyombo vya habari vikisema "Wakatoliki" na "Waprotestanti" kila siku. Hakuna aliyelipua baa kwa sababu ya kutokubaliana kuhusu ekaristi. Walikuwa wakipigania kama eneo hilo libaki Uingereza au lijiunge na Ireland, na kanisa lilikuwa alama ya nani yuko upande gani. Mkataba wa Ijumaa Kuu wa mwaka 1998 haukuwa na kifungu cha theolojia, na haukukihitaji.

Swali la nani anaingia, na lini, lina majibu ya kawaida kuliko tunavyopenda. Kwa Boko Haram, mwaka unaopaswa kukumbukwa ni 2009. Mohammed Yusuf alikuwa ameshahubiri kwa miaka kadhaa mjini Maiduguri, Nigeria, kwamba elimu ya kimagharibi na kuitumikia serikali isiyo ya Kiislamu ni haramu. Mafundisho yalikuwepo, wafuasi walikuwepo, uhasama na polisi ulikuwepo. Julai 2009 mapigano yalizuka, mamia wakafa, na Yusuf akakamatwa akiwa hai. Akauawa akiwa mikononi mwa polisi. Kundi lililorudi mwaka uliofuata chini ya Abubakar Shekau lilikuwa kali kupita lile la kwanza kwa kiwango ambacho hata jina moja linapotosha. Je, lililoua ni fundisho au ile risasi ya kituo cha polisi? Swali halina maana likiulizwa kwa "au". Fundisho bila risasi lingeweza kubaki kundi la watu walioisusa jamii na kuishi pembeni ya mji, na yapo mengi ya namna hiyo. Risasi bila fundisho ingezaa hasira, kesi, labda ghasia za wiki moja.

Ule utafiti wa UNDP unaliunga mkono hili kwa takwimu ambayo kila waziri wa mambo ya ndani angepaswa kuijua. Walipoulizwa ni tukio gani la mwisho lililowasukuma kujiunga, asilimia 71 ya waliojiunga kwa hiari walitaja kitendo cha serikali, kama vile kuuawa au kukamatwa kwa ndugu au rafiki. Ripoti ya pili ya shirika hilo, ya mwaka 2023, iliyohoji watu wengi zaidi katika nchi nane za Afrika, ilikuta waliotaja dini kuwa sababu kuu ya kujiunga ni asilimia 17, na waliotaja kukosa kazi ni asilimia 25. Watu husema mengi kujitetea wakihojiwa gerezani, hilo lijulikane. Ila mtu anayetaka kujitetea angeweza kuchagua kisingizio chochote, na wengi walichagua kilekile.

Lakini umaskini peke yake nao hauelezi. Miongoni mwa waliojilipua Sri Lanka siku ya Pasaka, tarehe 21 Aprili 2019, na kuua watu zaidi ya 250, walikuwemo ndugu wawili, watoto wa mfanyabiashara tajiri wa viungo. Neno la kuzingatia hapo ni ndugu. Waliovamia ofisi za Charlie Hebdo mjini Paris Januari 2015 walikuwa ndugu wa tumbo moja. Miongoni mwa waliofanya mashambulizi ya Paris ya Novemba mwaka huohuo walikuwemo ndugu. Brussels, Machi 2016, ndugu tena. Marc Sageman, daktari wa akili aliyewahi kufanya kazi katika shirika la ujasusi la Marekani, CIA, alionyesha mapema kwamba watu wengi hawaendi kwenye jihadi kwa kusadikishwa na hotuba. Wanakwenda kwa kufuata marafiki na jamaa, na hotuba inakuja kuwapa lugha ya kile walichokwisha kukiamua pamoja.

Nchini Ufaransa suala hili lilizaa ugomvi mkali kati ya wasomi wawili. Olivier Roy anasema kinachoonekana ni uasi wa vijana uliovaa Uislamu, kama zamani ulivyovaa mapinduzi ya mrengo wa kushoto. Anatoa mfano wa washambuliaji waliokuwa wezi wadogo na walevi hadi miezi michache kabla ya kushika silaha. Wale ndugu wa Paris wa Novemba 2015, kweli, waliwahi kuendesha baa. Gilles Kepel anamjibu kwamba hiyo ni njia ya kukwepa kusoma Kiarabu: mafundisho yana historia, yana vitabu, yana misikiti na wahubiri wanaojulikana kwa majina, na asiyeyasoma hataelewa kwa nini uasi huo umechukua sura hii na si nyingine. Nikilazimishwa kuchagua, ningesema Roy ana haki kuhusu wanaoingia na Kepel ana haki kuhusu wanachoingia. Wao wenyewe wasingefurahia mgawanyo huo.

Jambo moja zaidi linapaswa kuondolewa mezani: dhana kwamba imani kali na ukatili ni ngazi moja, kwamba anayesali sana na kuvaa kwa ukali yuko karibu na bomu kuliko anayesali kidogo. Waamish wa Marekani ni wakali wa dini kuliko karibu Mkristo yeyote utakayekutana naye, na wanakataa hata kujiunga na jeshi. Wapo Masalafi wengi, yaani Waislamu wanaoshikilia kwa ukali mwenendo wa vizazi vya kwanza vya Uislamu, wanaofundisha kwamba kumwasi mtawala ni haramu hata akiwa dhalimu, na wanachukiwa na makundi ya kijihadi kwa sababu hiyo.

Mfano ninaoupenda zaidi ni wa Abdul Ghaffar Khan. Mwaka 1929, katika mpaka wa kaskazini-magharibi wa India ya Waingereza, alianzisha Khudai Khidmatgar, yaani watumishi wa Mungu, jeshi la Wapashtuni lisilobeba silaha. Hawa walikuwa Waislamu wa eneo ambalo watawala walilieleza kuwa la watu wa kisasi wasiofugika. Waliapa kwa jina la Mungu kutolipiza kisasi. Tarehe 23 Aprili 1930 mjini Peshawar, katika mtaa wa Qissa Khwani, askari wa serikali ya kikoloni waliwafyatulia risasi waandamanaji wasio na silaha, wakaanguka wengi, na wengine hawakukimbia. Baadhi ya askari wa kikosi cha Garhwal walikataa amri ya kufyatua. Khan alifundisha kwamba silaha yao ni subira, ile iliyokuwa ya Mtume alipokuwa Makka. Qur'ani ni ileile, kabila ni lilelile ambalo vizazi viwili baadaye dunia ingelijua kwa Taliban, na ukoloni ulikuwepo na risasi zake. Kama imani kali ingekuwa na mwelekeo mmoja, wale wasingewezekana. Ushujaa wao ulitoka kwenye dini kwa kiwango kilekile ambacho wengine huchota humo ujasiri wa kujilipua.

Nini basi hufanya kazi ya kuwatoa walioingia? Programu ni nyingi na nyingine ni za kupigia picha tu. Kisa chenye mafunzo zaidi ni cha Misri. Gama'a Islamiyya lilikuwa kundi lililoua polisi, Wakristo wa Kikopti na watalii katika miaka ya 1990. Julai 1997 viongozi wake waliokuwa gerezani walitangaza kusitisha vita. Novemba mwaka huo tawi lililokataa likawaua watu 62, wengi wao watalii, katika hekalu la Hatshepsut huko Luxor. Wenye kutaka kusitisha hawakurudi nyuma. Waliruhusiwa kuzunguka magereza wakijadiliana na wafuasi wao, na kuanzia mwaka 2002 wakachapisha vitabu vya kuirekebisha misimamo yao. Maelfu waliachiwa huru, na kundi halikurudia vita.

Hawakulegea katika dini. Ndevu zilibaki, misimamo kuhusu wanawake na pombe ilibaki. Walichokibomoa ni mlango wa dharura: walieleza kwa nini mtawala yule hakuwa kafiri kwa vigezo vyao wenyewe, kwa nini mtalii ana dhamana ya usalama, kwa nini vita visivyo na matumaini ya kushinda na vinavyoleta madhara makubwa zaidi si jihadi. Masheikh wa serikali walikuwa wamesema mengi ya hayo kwa miaka, hakuna mfungwa aliyewasikiliza. Hawa walisikilizwa kwa sababu walikuwa wamemwaga damu na kulala kwenye seli zilezile. Serikali nayo ilitoa kitu halisi, yaani uhuru wa watu, bila hicho vitabu vingebaki karatasi.

Miaka mitano baadaye Sayyid Imam al-Sharif, daktari wa upasuaji aliyewahi kuliongoza kundi jingine la Misri, Jihadi ya Kiislamu, na ambaye maandishi yake yalitumika kufundisha Al-Qaeda, alitoa akiwa gerezani waraka wa kuyapinga mashambulizi ya namna hiyo, ukachapwa magazetini mwishoni mwa 2007. Al-Zawahiri kwanza aliufanyia mzaha, akauliza kama mashine za faksi za gerezani zimeunganishwa kwenye waya mmoja na mashine za kutesea kwa umeme. Swali hilo halikuwa la kipuuzi, kwa magereza yale. Lakini mzaha haukumtosha. Mwaka 2008, akiwa anatafutwa na Marekani kwa kitita cha dola milioni 25, alitoa jibu la maandishi la karibu kurasa 200, akibishana na rafiki yake wa zamani hoja kwa hoja, kifungu kwa kifungu, nani anaruhusiwa kuuawa na nani haruhusiwi.